Nilisema Ndiyo Mupaka Mwili Ikakataa

Ndugu zangu, Bwana ametuamsha asubuhi hii, sifa ni zake. Nimeomba Pasteur ruhusa nitoe ushuhuda wangu nikiwa nimekaa ku kiti, na naona kuko wamama wameanza kusemezana. Muwaache wasemezane. Mama Bahati mwenye munamujua hakukuwa muntu wa kukaa. Alikuwa anaimbisha kwaya huku anafukuza mbuzi ya Pasteur na muguu. Leo nimekaa, na kama nikisimama katikati ya maneno, muniambie nikae tena.

Nilizaliwa hapa hapa ku kilima, kwa watu wa maharagi na muhogo kama ninyi wote. Mama yangu alikuwa anasema nilianza kukimbia mbele ya kutembea. Ku masomo mwalimu alinifukuza mara mingi, si juu ya ujinga, ni juu sikuweza kubaki nimekaa ku banki ya darasa. Nilikuwa najibu swali mbele amalize kuuliza. Nikitumwa maji, narudi na kuni, na bidon ya maji nimeiacha ku mto. Nilipigwa juu ya bidon ile kuliko juu ya kosa lingine lolote.

Nilipokuwa mukubwa, kitu ile ile ilinipigisha njo ilinipa sifa. Munakumbuka. Kuko kilio, muite Mama Bahati apike. Wageni wa kanisa wanafika, muite Mama Bahati. Wakimbizi wamepanda kutoka bonde, na kama si wao wanapanda ni sisi tunashuka, Mama Bahati njo anagawa mikeka. "Mama ule iko na moto," mulikuwa munasema. Na mimi nilikuwa naitika yote. Nilikuwa nasema ndiyo muntu hajamaliza hata ombi lake. Asubuhi nalima. Nikitoka shamba nauza sombe, majani ya muhogo, ku soko ya Kitshanga. Nikitoka soko natembelea wagonjwa. Nikifika nyumbani naanza kupaka ukuta udongo, naacha nusu, najikuta niko kwa jirani namusuka nywele, na ku jiko yangu sufuria inaungua. Papa Bahati, bwana yangu, alikula maharagi ya kuungua miaka kumi na mbili. Iko pale nyuma, mumuulize.

Musicheke sana, juu nafika fasi ya kulia.

Ile hamukuiona ni siku zenye zilifuata mbio zile. Baada ya wiki mbili tatu za moto, mwili ilikuwa inazima. Nalala siku tatu, uso ku ukuta. Mutoto akiita mama, nasikia vizuri, lakini mudomo haifunguki. Kuinua kikombe inakuwa kazi ya watu wawili. Papa Bahati alikuwa anawaambia ni malaria, na mimi pia nilikuwa nasema malaria. Malaria ile hakuna sindano iliipata. Kisha siku ya ine naamka, nafunga kitambaa ku kichwa, natoka, na muntu wa kwanza ananiomba kitu, nasema ndiyo. Hivyo njo niliishi, ndugu zangu. Napanda juu sana, naanguka chini sana, na nilikuwa nafikiri ile kupanda njo mimi, na ile kuanguka ni shetani.

Kwa wageni walio kati yetu, nieleze kitu moja. Sisi wamama kumi na mbili wa kilima tunalimiana. Leo wote tunalima kwako, kesho kwangu, mupaka tunamaliza duara. Na tuko na shamba moja ya wote, pale chini ya mikaratusi. Maharagi ya shamba ile hatuli. Ni mbegu. Tunaichanganya na majivu, tunaifunga mu bidon, na mumoja wetu anaichunga mupaka sezoni ingine. Bunduki zikilia, kila kitu tunaweza kuacha, mikeka, sufuria, hata mbuzi, lakini mwenye mbegu anakimbia na mbegu. Muntu mwenye anarudi ku shamba yake bila mbegu amerudi bure.

Na kuko sheria moja tuliipata kwa mama zetu. Siku ya kung'oa maharagi, unang'oa tu ile migongo itabeba siku ile ile. Maharagi ikisimama mu mizizi yake inavumilia mvua. Ukiing'oa ukailaza ku udongo, mvua mbili inatosha kuiharibu. Kila mutoto musichana wa kilima hii anajua sheria ile.

Sezoni ninayosema, tulikuwa tumetoka mu kambi ya wakimbizi ya Kitshanga na mikono mitupu, tuko tu na mbegu ile. Kati yetu alikuwa Mama Sifa, mujane mwenye watoto watano, mwenye kulima na jembe ya kuazima. Alikuwa ameniambia mara mbili tatu, "Mama Bahati, mimi sina tumaini ingine. Ni mbegu ile tu." Na wamama walikuwa wamenichagua mimi nichunge mbegu. Hawakuwa na sababu ingine. Ni juu niko na moto.

Tulipatana kung'oa siku ya ine ya juma, wote kumi na mbili. Siku ya pili asubuhi niliamka mikono inaniwasha. Siwezi kuwaeleza vizuri. Mwenye anaijua anaijua. Kichwa iko wazi, miguu haitaki kungoja muntu, mawazo inakuja ishirini kwa mara moja na zote ni nzuri. Nikasema, ningoje nini? Nitawashangaza. Siku ya ine wakifika watakuta kazi imekwisha, watabeba tu, na watasema, huyu mama!

Niling'oa shamba yote peke yangu, ndugu zangu. Nilikuwa naimba. Sikula, sikunywa. Saa tisa ya muchana kila mushina ilikuwa imelala chini, kwa mistari, na nilisimama ku mupaka wa shamba nikajisifu. Kisha nikashuka mbio kwa kilio ya jirani, juu nilikuwa nimewaahidi kupika. Kutoka pale nikaenda kuimbisha kwaya, juu kwaya pia niliwaahidi.

Siku ya tatu mwili ikazima. Siku ya ine asubuhi wamama walipita kuniita, na vitambaa vyao vya kubebea ku bega. Papa Bahati alikwenda ku mulango. Mimi ku kitanda nikamunong'oneza, "Waambie maharagi haijakauka vizuri. Tungoje wiki ijayo." Alinitazama, lakini hakujua kitu. Akawaambia vile. Wakarudi kwao.

Ile njo dhambi yangu. Kuchoka haikuwa dhambi, na hata kung'oa yote haikuwa dhambi kubwa. Ningesema neno moja tu, "Nimeshindwa, maharagi iko chini, mukabebe," wangeibeba yote mbele ya saa sita. Lakini neno ile mu kinywa yangu haikukuwa. Miaka yote ile sikujifunza kuisema. Na mvua ikaanza.

Ilinyesha siku tano. Nilikuwa nalala naisikia ku mabati. Kila asubuhi nilikuwa najiambia, leo nitaamka, leo nitasema. Kila asubuhi haya ilikuwa inazidi ile ya jana, juu sasa ningepaswa kueleza pia sababu sikusema jana. Papa Bahati alileta uji, uji ikapoa. Mwanangu alinishika muguu, sikumugeukia. Nilijua maharagi inafanya nini kule chini ya mikaratusi. Nilikuwa naiona macho imefunga.

Wamama walikwenda ku shamba siku ya sita ya mvua, juu muchungaji mumoja wa ng'ombe aliwaambia kuko harufu. Walituma watu, wakanishika mukono mupaka pale. Ndugu zangu, maganda ilikuwa imepasuka, na kila mbegu ilikuwa imeota, mizizi myeupe, mingine myeusi imeoza. Hakuna hata bidon moja ilipona. Hakuna mwenye alinitukana. Afadhali wangenitukana. Mama Sifa alichutama, akachagua chagua na vidole wakati murefu, akapata mbegu kama kumi nzima, akazifunga ku kona ya kikwembe yake, akaondoka bila kuniangalia.

Wamama wengine waliomba mbegu kwa ndugu zao, wakapanda kidogo kidogo, wakachelewa. Mama Sifa hakuwa na ndugu wa kuomba. Alichukua watoto wake, akarudi mu kambi.

Mimi nikabaki ku mukeka. Sasa haikuwa siku tatu tena. Ilikuwa miezi. Ule moto wote mulikuwa munasifu ulikwisha, hata majivu sikuona. Sikuoga. Sikuomba. Ao niseme ukweli, niliomba kitu moja tu, Mungu anichukue, juu niliona watoto wangu watapata mama mwingine mwenye akili. Nilikuwa nasikia wamama wakipita na majembe wakizungumza, na wakifika mbele ya mulango yangu wananyamaza mupaka wapite. Ukitaka kujua maana ya jehanamu, njo ile. Nilikuwa nafikiri Mungu naye anapita mbele ya mulango yangu vile vile, amenyamaza.

Dada yangu mukubwa Tuombe, mwenye aliolewa upande wa Buleusa, akakuja kunichukua. Tulipanda pikipiki mupaka fasi barabara inaisha, kisha tukatembea. Alinipeleka mu chumba ya maombi. Wale walioniombea walikuwa watu wazuri, wenye upendo, siwasemi vibaya. Walisema niko na pepo ya mbio. Wakaniwekea kufunga kavu siku tatu, bila chakula, bila maji. Na mimi, ndugu zangu, muskie wazimu yangu. Siku ya kwanza ya kufunga ile, moto ikarudi! Nikaanza kufagia chumba ya maombi. Nikawaombea wagonjwa wengine. Nikapanga wimbo. Nikamwambia muombezi siku tatu ni kidogo, tufanye saba. Nilikuwa nafanya ukombozi wangu kwa mbio. Siku ya tano nilianguka, sikujua tena jina yangu.

Tuombe akakataa niendelee kufunga. Alisema, "Mungu iko pia ku hospitali." Akaniombea fasi ku pikipiki, tukaenda mupaka Walikale.

Kule kulikuwa infirmie mumoja, muuguzi, dada Alina, musichana mwenye kusema kwa ufupi, hana muda ya kubembeleza muntu. Aliniwekea serumu, maji ya dawa ku mushipa. Nilipopata nguvu ya kujibu, akaniuliza maswali ya ajabu. Hakuuliza juu ya maharagi. Aliuliza juu ya banki ya masomo. Aliuliza kama nilikuwa napoteza vitu. Aliuliza kama naweza kusikiliza muntu mupaka mwisho. Nilicheka, mara ya kwanza tangu miezi, juu nilikuwa nimemukata neno mara tatu. Akaandika. Kesho yake alinipeleka mbele ya dokta, wakaniuliza tena, wakamuuliza Tuombe juu ya utoto wangu.

Kisha dada Alina akaniambia, "Mama, hii haikuanza na maharagi. Ulizaliwa nayo. Kwa Kifaransa wanaiita TDAH. Ni namna ubongo yako iko. Haijui kukaa fasi moja, na haijui kusimama mbele ya kuanguka."

Nikamuuliza, "Si pepo?"

"Hapana."

"Si uvivu?"

Akaniangalia. "Uvivu? Wewe?"

Nililia siku ile mupaka wagonjwa wengine wakaomba nihamishwe. Nilikuwa na miaka makumi tatu na nane, na hakuna mwenye aliwahi kuniambia si kosa yangu.

Nikamuomba dawa. Akasema dawa ya ile hapa hawana, na hatanidanganya. Ile wanayo ni namna ya kuishi. Na namna ile, ndugu zangu, nilichukia. Alisema, siku mikono inakuwasha, siku ile njo ukae. Usingoje kuchoka. Mwenye kuwa kama wewe akingoja kuchoka, amechelewa. Moto yako ni ya majani ya mikaratusi, inawaka juu mupaka ku mabati, na maharagi inabaki mbichi. Ukishika kazi moja, usishike ya pili mupaka ya kwanza ilale. Kula saa sita, hata njaa haiko. Na muntu akikuomba kitu, jibu yako ni, "Nitakujibu kesho." Usiseme ndiyo siku ile ile, hata kwa pasteur, hata kwa mufalme.

Nilikaa kwa Tuombe miezi mitatu nikijifunza kukaa. Munafikiri ni kitu nyepesi? Kulima heka moja ni nyepesi kuliko ile. Tuombe alikuwa ananiweka ku kiti ya jikoni, moto inanipanda mu damu, naona ukuta yake inahitaji udongo, naona kuku yake imetoroka, na yeye anasema, "Kaa." Nilikuwa nalia kwa hasira kama mutoto wa kuachishwa ziwa. Na nilipokaa, njo nilianza kuwaza, na nilipowaza nilimuona Mama Sifa.

Kurudi, sikupita kwangu kwanza. Nilishuka ku kambi ya Kitshanga. Nilimukuta mbele ya hema yake anachagua makala ya kuwasha moto. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, mistari ya maharagi, uongo ile, siku tano, ubongo yangu, dada Alina. Alichagua makala mupaka nikamaliza.

Akasema, "Mama Bahati, juu ya maharagi sikukasirika. Maharagi inaoza. Siku zile tano nilipita mbele ya nyumba yako kila siku kwenda ku maji. Nilikuwa nasikia uko ndani. Na haukuniita."

Nilimuomba arudi ku kilima. Akasema harudi, amechoka kupanda na kushuka. Nilimuomba musamaha. Akasema hajui bado kama anayo. Kisha, nimeshaamka kuondoka, akasema, "Siku utashindwa tena, tuma muntu aniite."

Nilikwenda kwetu na neno ile tu.

Wamama walinipokea, lakini mbegu anachunga mwingine, na ni sawa. Sezoni ya kwanza nilishikilia maneno ya dada Alina na mikono mbili. Sezoni ya pili nilijisahau. Shamba yangu mwenyewe, maharagi imekauka, mikono inaniwasha, nikasema leo nusu tu, nikang'oa yote. Kesho yake mwili ikazima. Nilikuwa tena ku kitanda, uso ku ukuta, na inje mawingu meusi inapanda kutoka bonde.

Pale njo Bwana alinikomboa. Muniskilize vizuri, juu muujiza yenyewe ni ndogo sana, mutaipita bila kuiona. Hakuna muntu aliniwekea mukono. Sikuanguka, sikuona nuru. Nilimwambia tu Papa Bahati, "Nimeshindwa. Maharagi iko chini. Uite wamama. Na umutumie habari Mama Sifa."

Neno ile ilinitoka kama mufupa imekwama ku koo.

Wakakuja. Walinicheka, ndiyo, nawasikia mupaka leo, "Mama moto amezima!" Lakini walibeba. Mvua ilianza wakati mizigo ya mwisho inaingia mu nyumba. Na Mama Sifa alifika kwa miguu kutoka Kitshanga, amelowa, amechelewa, akakuta imebaki muzigo moja tu ku shamba. Akaibeba, akaiweka ku mulango yangu, akaniangalia ku kitanda, akarudi njia yake. Hajarudi kuishi ku kilima mupaka leo, na watoto wake bado wanalala mu hema. Hiyo njo kazi ya mikono yangu, na sijui kama itatengenezwa mbele ya mbingu.

Sikupona, ndugu zangu. Musiandike kwamba Mama Bahati alipona. Kuko asubuhi bado nageukia ukuta. Tofauti ni kwamba sasa nasema. Namushukuru Mungu mwenye alinipenda nikiwa nimelala, siwezi hata kuimba. Nilifikiri ananipenda juu ya mbio zangu. Na wewe dada, wewe kaka, mwenye kukimbia mupaka unaanguka na unaiita malaria, mutumainie yeye. Hahesabu kazi yako. Mwambie umeshindwa, na umwambie pia jirani yako, mbele mvua ianze.

Namaliza. Jumapili iliyopita Pasteur alisoma hapa jina ya presidenti wa wamama kwa kujenga kanisa mupya, na jina ilikuwa yangu. Hakuna mwenye aliniuliza. Mulipiga makofi wakati murefu, na mimi, Mungu anisamehe, kabla ya makofi kuisha nilikuwa nimeshachoma matofali yote mu kichwa na nimepanga wamama kwa vikundi. Moyo ilikuwa inaruka. Nilitaka ile kazi kuliko chakula. Nilimwambia Pasteur nitamujibu.

Pasteur, Papa yangu mu Bwana, nakuheshimu sana. Nitabeba matofali siku ya ine, mupaka saa sita. Saa sita nitakwenda kwangu kula. Juu ya upresidenti, jibu yangu mbele ya Mungu na mbele ya kanisa hii ni hapana.

Ndugu zangu, Jumapili ile mulipiga makofi. Nawaomba mupige na leo.